Mikono Miwili Bila Usukani

Neno usukani lilipanda nchi kavu likitokea baharini. Kabla ya kuwa duara la gari, lilikuwa ni ule ubao wa nyuma unaoyakata maji na kukipeleka chombo kule anakotaka nahodha. Na kutoka hapo likaingia katika siasa na katika nyumba, hata leo husemwa kwamba fulani ameshika usukani wa nchi, au kwamba mama ndiye aliyeshika usukani wa familia. Ndani ya semi hizo mna dhana moja isiyotamkwa: kwamba kuongoza ni kuwa na kitu kimoja mkononi, na kwamba mwenye kukigeuza kitu hicho huwa amekigeuza chombo kizima. Dhana hiyo aghalabu haihojiwi, kwa sababu jahazi na gari huithibitisha kila siku.

Ipo mashine moja inayoikanusha. Ni mashine ya kukatia nyasi, ya kupandwa na kukaliwa, ambayo Wamarekani wameipa jina lenye maana ya mgeuko sifuri, kwa kuwa haihitaji hata shubiri moja ya nafasi ili igeuke: huzunguka palepale iliposimama, kama pia. Haina usukani. Mpandaji huwekewa mbele yake nyenzo mbili za chuma, mmoja wa mkono wa kulia na mmoja wa mkono wa kushoto, basi. Mwenye kuitazama kwa mbali ataiona kuwa ni chombo cha bustani tu. Lakini mwenye kujifunza kuiendesha hulazimika kujibu, kwa mikono yake kabla ya ulimi wake, suali kongwe: kuongoza ni nini hasa, na anayeongoza humwongoza nani?

Kwao mashine hiyo ni Marekani. Visiwani uwanja wa nyumba hufagiwa. Kule hukatwa nyasi. Nyumba za vitongojini, makanisa, skuli, makaburi na viwanja vya michezo huzungukwa na nyasi fupi kama zulia, na kuziacha zirefuke huhesabiwa kuwa ni kuwavunjia heshima majirani, hata miji mingi ina sheria ndogo za kumtoza faini mwenye kuziacha. Mashine ya kwanza ya kazi hii ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, aliyeipatia hataza mwaka 1830, baada ya kuona jinsi viwanda vya nguo vilivyonyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Isiyo na usukani ilikuja baadaye sana: huko Kansas, jimbo la tambarare na ngano, hutajwa jina la John Regier na mwaka 1963. Sababu ya kutakiwa kwake ni nyepesi kueleweka. Uwanja una miti, vitalu vya maua na mawe ya makaburi, na mashine yenye usukani huacha pembeni mwa kila kimoja ukanda usiokatwa, ambao mtu hulazimika kuurudia kwa mkono. Inayogeuka papo hapo hulizunguka shina la mti na kuendelea na safari yake.

Siri yake imo nyuma. Kila gurudumu la nyuma lina pampu yake na mota yake, zinazofanya kazi kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa, na kila wenzo huamrisha upande mmoja tu. Magurudumu ya mbele hayaamrishwi na yeyote. Ni kama yale ya kiti cha ofisini, hufuata kokote yanakopelekwa. Nyenzo zote mbili zikisukumwa sawasawa, mashine huenda mbele. Zikivutwa, hurudi nyuma. Zikirejeshwa katikati, husimama. Wenzo wa kulia ukizidi kidogo, gurudumu la kulia hulipita la kushoto na mashine huelekea kushoto. Mmoja ukisukumwa na wa pili ukavutwa, mashine huzunguka juu ya kiuno chake.

Hapo ndipo ilipo ajabu ya kwanza. Ndani ya mashine hii hakuna kiungo chenye kazi ya kugeuza. Kuna pande mbili, kila upande ukienda kwa mwendo wake, na huko kugeuka ni tofauti tu iliyopo baina ya pande hizo. Kwenda moja kwa moja nako si hali ya asili, bali ni usawa unaotunzwa kila nukta. Mwenye gari akiulegeza usukani baada ya kona, gari hujinyoosha lenyewe. Mpandaji wa mashine hii akizembea mkono mmoja, tayari ameshaacha njia. Unyoofu wake haukuwekwa ndani ya chuma na fundi. Unatoka kwa yule aliyekaa juu, na hauwezi kuwa bora kuliko yeye.

Ajabu ya pili humpata mwanafunzi katika dakika yake ya mwanzo. Hukaa, akafunga mkanda, akazishika nyenzo kwa nguvu kama mtu ashikaye kamba ya mbuzi mkaidi, kisha akazisukuma. Mashine huruka mbele. Mwili wake, uliokuwa umetulia, hubaki nyuma. Na kwa kuwa mikono imezing'ang'ania nyenzo, mwili ukibaki nyuma huzivuta. Mashine husita ghafla. Sasa mwili hutupwa mbele, na mikono huzisukuma tena, na mashine huruka kwa mara ya pili. Baada ya hatua chache mashine inarukaruka kama kitu kilichopagawa, huku mpandaji akiamini kwa dhati kwamba anapambana nayo. Kumbe hapambani na kitu ila mtikisiko wake mwenyewe unaomrudia. Akitaka kuunyoosha mwendo hukumbwa na balaa la aina hiyohiyo: huona anakwenda kushoto, akarekebisha kwa nguvu, akajikuta yuko kulia zaidi ya alivyokuwa kushoto, akarekebisha kwa nguvu zaidi, na nyuma yake nyasi huonesha alama ya chombo kinachokwenda mrama.

Katika hali hiyo ni nani mwenye makosa? Mashine imetii kila ilichoamrishwa. Mkono nao haukukusudia kuamrisha ulichoamrisha. Ulisukumwa na mwili, na mwili ulitupwa na mashine. Ukiifuata lawama utazunguka nayo mpaka urudi ulipoanzia. Mizunguko ya namna hii haiko katika viwanja vya nyasi peke yake. Mzazi humkaripia mtoto kwa woga wake, mtoto akaingiwa na hofu na kukosea zaidi, na kosa lile likamzidishia mzazi woga; kila mmoja huapa kwamba amejibu tu, hakuanza. Katika mzunguko kama huo kuuliza nani alianza hakuna faida kubwa. Lenye faida ni kujua ni nani awezaye kupunguza. Na katika mashine hii jawabu halina ubishi: chuma hakiwezi kupunguza chochote, mwenye kuweza ni mpandaji.

Ndiyo maana tiba yake huonekana kwa mwanafunzi kama kichekesho. Huambiwa azilegeze nyenzo, azishike kwa vidole badala ya kuzikamata kwa ngumi, aegemeze mikono mahali ili mwili ukitikisika usiivute, asukume kidogo kisha angoje mashine ijibu kabla ya kusukuma tena, na macho yake ayatupe kwenye mti wa mbali badala ya kuyakaza kwenye magurudumu. Kila moja kati ya hayo linapingana na silika. Mtu anayehisi kwamba kitu kinamponyoka hukaza mkono, naye anaambiwa aulegeze. Anayeona kosa hutaka kulisahihisha hapo hapo, naye anaambiwa asubiri. Hata ile nguvu ya kugeuka papo hapo, ambayo mashine iliundwa kwa ajili yake, huambiwa asiitumie ovyo. Kwa sababu mashine ikizunguka huku gurudumu moja limesimama, gurudumu hilo husaga nyasi na kuacha duara la udongo mtupu. Mjuzi afikapo mwisho wa mstari huyaacha magurudumu yote mawili yaendelee kuviringika, akarudi nyuma kidogo, kisha akaingia mstari mpya. Uwezo anao, lakini hautumii wote.

Je, mambo hayo yaweza kufundishwa kwa maneno? Yameshaandikwa hapa katika mistari michache, na msomaji ameyafahamu. Lakini msomaji huyo akikalishwa leo juu ya mashine ataruka kama walivyoruka wengine. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alieleza kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na kwamba uadilifu nao hupatikana kwa njia hiyohiyo ya kutenda. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipitia jambo hilo katika Ihya kwa mfano wa hati: anayetaka kuwa mwandishi mwenye hati nzuri hana budi kwanza kuuiga mkono wa mwandishi, kwa kujilazimisha, siku baada ya siku, hadi kule kujilazimisha kugeuke kuwa tabia iliyokaa ndani ya nafsi. Wote wawili walijua kwamba kuna elimu ambayo makao yake ni mkono, na kwamba njia ya kuifikia ni muda.

Kuna pia elimu ambayo mkono hauna budi kuivua. Aliyeendesha gari miaka thelathini huja na hakika yake, na hakika hiyo ndiyo inayomponza, kwani mikono yake hutafuta duara lisilokuwapo. Yamkini mvuvi aliyekulia kwenye dau angeanza kwa wepesi zaidi. Yeye ameshazoea kwamba kana ya usukani ikisukumwa kulia, omo huelekea kushoto, kama vile wenzo wa kulia ukizidi mashine inavyokwenda kushoto; na ameshazoea kwamba chombo hakitii kwa haraka, bali huamrishwa kisha hungojewa.

Hapa mtu mwenye akili kali anaweza kupinga. Atasema: haya yote ni ustadi, si uadilifu. Mwizi wa mfukoni naye ana mkono mwepesi na subira nyingi, wala hakuna amwitaye mwema. Pingamizi hili lina haki yake, na Aristotle mwenyewe aliliona. Katika ufundi, alisema, anayekosea kwa kukusudia ni bora kuliko anayekosea bila kujua, kwa sababu wa kwanza angeweza kupatia lau angetaka. Lakini katika uadilifu mambo ni kinyume, anayekosea kwa kukusudia ndiye aliye mbaya zaidi. Kwa kipimo hicho, mkono mwepesi juu ya uwanja tambarare ni ufundi tu. Basi ni lazima kutafuta ni wapi ufundi unakwisha na jambo jingine kuanza. Pahala hapo panajulikana vyema kwa wenye kazi hiyo. Ni penye mteremko.

Mashine za kazi huwa na uzito wa nusu tani au zaidi, huweza kwenda kilomita 16 kwa saa, na ncha za visu vyake chini ya sitaha hupita zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Juu ya uwanja wa sawa vitu hivyo vyote vimo ndani ya amri ya vidole. Lakini amri yote hupita katika magurudumu mawili ya nyuma, na katika hayo tu. Katika mashine nyingi za aina hii hakuna breki ya mwendo iliyo mbali na nyenzo. Iliyopo ni ya kuegeshea. Magurudumu yaendeshayo ndiyo yageuzayo na ndiyo yasimamishayo. Kwa hiyo magurudumu hayo yakiteleza juu ya nyasi zenye umande, mpandaji hapotezi kimoja kati ya vitatu, hupoteza vyote kwa pamoja: hawezi kwenda, hawezi kugeuka, hawezi kusimama. Magurudumu ya mbele, ambayo hayakuwahi kumtii yeyote, huelekea chini kwa uzito wao, na mashine huyafuata. Palipo na ukuta mfupi, mtaro au bwawa huko chini, watu wamekufa, wakiwa wamelaliwa na mashine juu ya nchi kavu au ndani ya maji yasiyokuwa na kina.

Kwa ajili hiyo vitabu vya maelekezo aghalabu huweka mpaka wa nyuzi 15, yaani ardhi inayopanda kiasi cha mita 2.7 kwa kila mita 10 za kwenda mbele, na huonya mtu asikaribie ukingo wala maji kwa umbali wa angalau upana wa mashine mbili. Kwa ajili hiyo pia mashine nyingi za leo zina upinde wa chuma nyuma ya kiti, na mkanda ambao hufungwa upinde ukiwa umesimamishwa. Wako pia watengenezaji walioamua kurudisha usukani wa duara na kuyafanya magurudumu ya mbele yageuzwe nao, ili mteremkoni pabaki kitu cha kushika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mteremko haupimi wepesi wa mkono. Mashine ikishaanza kuteleza, mjuzi wa miaka ishirini na mwanafunzi wa siku moja wamekuwa sawa. Hakuna kati yao mwenye chochote cha kuamrisha. Tofauti yao, ikiwa ipo, ilitokea mapema zaidi: pale mtu alipoitazama ardhi, akagusa nyasi kama zimekauka, akaamua kushuka na kuukata ukingo ule kwa mashine ndogo ya kusukuma. Uamuzi huo hauhitaji ustadi wowote. Mtoto anaweza kuufanya. Ila mara nyingi ni mjuzi anayeshindwa kuufanya, kwa sababu mikono yake imemzoesha ushindi, naye huona haya kushuka mbele ya watu. Hapo ndipo uadilifu unapoachana na ufundi. Ufundi ni kujua la kufanya wakati chombo kinatii. Busara ni kukumbuka, kingali kinatii, kwamba utiifu ule una masharti, na kwamba masharti hayo yamo ardhini, hayamo mkononi.

Lakini kulimaliza suali hapo ni kumtwika mpandaji mzigo ambao aghalabu si wake peke yake. Nyingi katika mashine hizi hazipandwi na mwenye uwanja. Hupandwa na vibarua, na wengi wa vibarua wa kazi hiyo Marekani ni wahamiaji, hasa kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Tuseme mkimbizi wa Kikongo aliyepewa makazi Kentucky au Texas, ambaye lugha yake ya sokoni na ya nyumbani ni Kiswahili, akaajiriwa katika kazi hiyo. Anafika alfajiri, anaoneshwa mashine, anaoneshwa nyenzo, anaambiwa kwa ishara kwamba mbele ni mbele na nyuma ni nyuma. Na kabla jua halijapanda anatakiwa awe kwenye ukingo wa bwawa, kwa sababu nyasi za huko ndizo zilizorefuka. Onyo la nyuzi 15 limebandikwa karibu na kiti, katika lugha asiyoisoma. Akipinduka, itasemwa kwamba hakuwa na ustadi.

Sheria ya nchi ile haiko kimya. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 1970 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kazi pasipo na hatari zinazojulikana kuwa zaweza kuua au kujeruhi vibaya. Na mwaka 2010 idara inayosimamia sheria hiyo ilitangaza kwamba mafunzo ya usalama sharti yatolewe kwa lugha na kwa msamiati ambao mfanyakazi anaufahamu. Tangazo hilo lina uzito wake. Linakubali kwamba onyo lisilofahamika si onyo, na kwamba kumsomea mtu maneno asiyoyajua kisha kumtia saini ni namna ya kumdanganya.

Hata hivyo haki ya lugha ni nusu ya njia. Maonyo yote na yafasiriwe kwa Kiswahili fasaha, kila neno mahali pake. Mkimbizi yule atajua alichokatazwa, nalo ni jambo kubwa, kwa kuwa mteremko huepukwa kwa kujua. Lakini mkono wake utakuwa bado haujasoma kitu. Elimu ya mkono haifasiriki, kwa sababu haikuwa maneno tangu asili. Anayemkabidhi mwenzake nguvu kama ile anadaiwa vitu viwili: maneno yanayofahamika, na muda. Muda wenyewe si mrefu. Ni uwanja mtupu wa tambarare, visu vikiwa vimezimwa, mwendo wa chini kabisa, na saa kadhaa za kuruhusiwa kukosea pasipo mtu wa kucheka wala kitu cha kugonga, mpaka ule mtikisiko uishe wenyewe na mikono ianze kungoja.

Hicho ndicho kinachonyimwa kwa urahisi zaidi, kwani katika daftari la mwajiri saa hizo huonekana kama saa ambazo hakuna kilichokatwa. Na hakinyimwi vibarua wa Kansas au Kentucky tu. Kijana hupewa uongozi wa watu leo na kudaiwa matokeo kesho. Mke na mume hupewa nyumba. Mwalimu mpya hupewa darasa la watoto themanini. Na wote huambiwa kwamba usukani wameshaushika, kana kwamba kushika ndiko kujua. Wakirukaruka huulizwa kwa nini mikono yao ni mizito. Suali hilo ni halali, na kila mmoja wao atapaswa kulijibu kwa kujizoeza kupunguza. Lakini pana suali jingine linalotangulia, na halielekezwi kwao. Linaelekezwa kwa aliyewakabidhi: je, uliwapa uwanja wa kujifunzia kabla hujawapeleka ukingoni mwa maji?